Waya wa kupima presha ndani ya mshipa wa moyo: uzoefu wangu

Picha ya angiogramu, yaani eksirei ya mishipa ya moyo, huonyesha kivuli cha dawa ndani ya mshipa. Haionyeshi ni damu kiasi gani inaufikia msuli. Mshipa uliobana asilimia 90 hauna mjadala. Tabu iko kati ya 50 na 70. Hapo macho hayatoshi, nami sikubali stenti, kijibomba cha kuupanua mshipa, iwekwe kabla FFR, uwiano wa presha unaosomwa kwa waya, haijapimwa.

Waya wenyewe ni mwembamba, inchi 0.014, na kihisio kimekaa sentimita 3 nyuma ya ncha. FFR ni presha ya wastani baada ya mbano, gawanya kwa presha ya wastani ya aota (mshipa mkuu utokao moyoni), mtiririko ukiwa kwenye kilele chake. Ikiwa 0.80 au chini, mbano unaunyima msuli damu.

Hesabu ni nyepesi. Maandalizi ndiyo huiharibu. Kihisio kikifika kwenye mdomo wa katheta, bomba jembamba linalopitisha waya na kusoma presha ya aota, chomoa kwanza sindano ya kuingizia waya, maana vali ya nyuma ya katheta iliyoachama huvujisha presha ya aota. Suuza katheta kwa maji ya chumvi, ndipo usawazishe presha zote mbili, ya waya na ya katheta, uwiano usome 1.00. Kisha nitrogliserini, dawa ya kulegeza mshipa, mikrogramu 200 ndani ya mshipa, ili mkazo wa muda usidhaniwe kuwa mbano. Kihisio kikishavuka mbano, fungulia adenosini, dawa ya kuufikisha mtiririko kileleni: mikrogramu 140 kwa kila kilo kwa dakika, kupitia mshipa mkubwa wa mkono. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba kifua kitabana na pumzi itakuwa nzito, na kwamba hali hiyo huisha upesi dawa ikifungwa. Aliyekunywa kahawa asubuhi hiyo, 0.84 yake siiamini: kafeini huizuia adenosini, na namba hupanda bure.

Kosa baya zaidi ni katheta kuziba mdomo wa mshipa. Wimbi la aota hupoteza kijino chake cha upande wa kushuka, likawa la mviringo, presha ikashuka, na mbano mbaya ukaonekana si kitu. Irudishe nyuma milimita chache tu.

Waya huu una kasoro: ni mgumu kuongoza kwenye kona kuliko waya wa kawaida, na kiungio chake na mashine kikilowa namba huchezacheza. Kikaushe kwa shashi. Mwenye pumu kali, ambaye adenosini yaweza kumbana pumzi, nampima kwa iFR, uwiano wa presha unaopimwa bila adenosini; kikomo chake ni 0.89.

Kabla ya kutoa waya, rudisha kihisio kwenye mdomo wa katheta. Tofauti na 1.00 ikipita 0.02, mimi napima upya. Hasa namba ikiwa 0.79: kihisio kilichohama kwa 0.04 kinaweza kumpa mgonjwa stenti asiyoihitaji.