Uzoefu wangu na Leviathan ya Estes, roketi yangu ya kwanza ya nguvu ya kati

Kama umesharusha vya kutosha roketi ndogo za kuigiza za injini A hadi C na unataka kupanda ngazi, Leviathan, ya kampuni ya roketi za kuigiza ya Estes, naipendekeza kwa moyo mmoja. Mwili wake una kipenyo cha inchi 3 na injini zake ni za milimita 29. Kila herufi ya injini huongeza kikomo cha nguvu maradufu: C huishia nyutoni-sekunde 10 (kipimo cha msukumo wote wa injini tangu iwake hadi izime), lakini F15 niliyotumia mimi ina karibu 50. Hii si ya kurushia nyuma ya nyumba.

Mapezi ndiyo yaliyonifanya niipende. Ni ya plaiwudi na hayabandikwi juu juu kama kwenye roketi ndogo. Yanapenya kwenye mipasuo ya mwili hadi kugusa mrija wa injini, hivyo kila pezi linashikwa ndani na nje. Hapa usiwe na haraka. Nilisugua kingo kwa msasa, nikajaribisha kila pezi bila gundi, ndipo nikapaka gundi ya mbao. Kabla ya kuziba nyuma kwa pete ya mwisho, nilichukua kijiti nikapitisha gundi ndani kabisa, kila pembe pezi linapokutana na mrija. Mshono huo hutauona tena roketi ikishafungwa, lakini wenyewe ndio unaobeba kishindo cha kutua. Nje nilipaka tena, nikalainisha kwa kidole kilicholowa maji, na sikuigeuza roketi mpaka upande wa juu ukauka, maana gundi mbichi huchuruzika. Kwa kweli kazi hii ilinipa raha kuliko hata rangi, ambayo ni praima, msasa, kisha rangi ya kopo, basi.

Parachuti ni ya nailoni. Baruti inayoisukuma nje hutoa moto, kwa hiyo niliikinga kwa nyuzi za karatasi zinazowekwa darini kuzuia baridi, zile zilizotiwa dawa ya kuzuia moto. Katika mwili mpana kama huu zinajaza vizuri kuliko vile vikaratasi vya roketi ndogo.

Sasa hesabu, na hii naomba usiiruke. Ikiwa na injini, roketi ilikaribia gramu 400, yaani uzito wa nyutoni 4 hivi. Warushaji wengi hutaka msukumo uwe angalau mara tano ya uzito. Wastani wa F15 ni nyutoni 15 tu, haufiki. Kinachookoa ni kwamba mwanzoni inasukuma kwa takriban nyutoni 25, na hapo ndipo roketi inapoiacha fimbo inayoiongoza wakati wa kuruka. Kanuni za National Association of Rocketry, chama cha warushaji roketi cha Marekani, zinaruhusu upepo hadi kilomita 32 kwa saa, lakini kwa injini hii mimi nilisubiri upepo utulie kabisa.

Tulirushia Ohio, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, pamoja na klabu. Waya za umeme kwenye injini, watu wote nyuma ya mita 9, tukahesabu kwa sauti kutoka 5. Binti yangu akabonyeza. Roketi ndogo huponyoka kabla hujainua macho. Hii ilipanda kwa uzito, tukaifuata kwa macho huku injini ikiunguruma zaidi ya sekunde 3 na moshi ukijichora nyuma yake. Ikanyamaza, ikaelea, parachuti ikafunguka karibu na kilele. Nilipoiokota nilikagua kila pezi: hakuna ufa hata mmoja.

Kuhusu gharama, roketi unainunua mara moja, injini ndizo zitakazokula pesa. F15 huuzwa mbili mbili, na ukiagiza mtandaoni unaweza kutozwa nyongeza ya usafirishaji wa vitu vya hatari, kwa hiyo uliza kwanza duka la karibu au muuzaji anayekuja uwanjani. Angalia pia tarakimu baada ya kistari, ni sekunde za kusubiri injini ikishazima, kabla parachuti haijatoka. Kwa roketi nzito kama hii chukua F15-4. Zenye 6 au 8 waachie wenye roketi nyepesi.