Dalali wa yoti niliyemtumia: boti si mbaya, lakini lile tangazo jamani

Nimekaa wiki mbili kabla ya kuandika hii maana sikutaka kuandika nikiwa na hasira. Huyo dalali simtaji jina, kwa sababu shida yangu sio yeye peke yake, ni vile hawa madalali wa yoti wanavyoandika matangazo yao, nimesoma mengi sasa na yote yanafanana. Naandikia vijana wenzangu wa Lamu wanaotafuta boti ya wageni kwa simu. Someni kabla hamjatuma dipoziti.

Mimi na binamu yangu kazi yetu ni kutembeza wageni, Shela, Manda, Kipungani, mara moja moja mpaka Kiwayu. Tuna mashua yetu moja. Mwaka huu wageni wengi wameulizia safari za siku tatu nne, walale humo humo chomboni, tukasema bas tutafute yoti. Binamu ndiye aliyeona tangazo, akanirushia WhatsApp usiku, nikalisoma mara tatu kitandani na usingizi ukaruka kabisa. Lilikuwa hivi:

"Malkia wa Bahari ya Hindi! Ametunzwa kama mboni ya jicho. Mwenyewe anamwachia kwa machozi. Urefu futi 36, hulala wageni 8 raha mustarehe. Amevuka bahari kuu na yuko tayari kung'oa nanga leo. Anahitaji mkono mdogo tu wa mapenzi. Fursa kama hii haiji mara mbili."

Alafu picha kumi na moja, maji ya samawati, tanga jeupe pee.

Sasa mtu asije akadhani sisi watu wa Lamu hatupendi sifa. Chombo husifiwa, na sisi ndio wenyewe. Nenda siku ya mashindano ya mashua uone wazee ukutani wanavyosifu, chombo kina jina, kina macho omoni kule mbele, kina nyimbo zake. Lakini ile sifa ina kitu ndani yake. Ukisema mashua fulani inakwenda joshi vizuri, anayesikia anajua unasema nini, inapanda upepo haisombwi, na kesho anaweza kutoka nayo akahakikisha. Na mtu wa Matondoni, kijiji chetu cha mafundi wa vyombo, akikuuzia mashua hakwambii malkia. Anakwambia mbao ni mwembe au mvule au ni nini, mataruma, zile mbavu za ndani, ni ya mti gani, misumari ilipigwa lini, mara ya mwisho imekalafatiwa lini, yaani kuzibwa nafasi za mbao, na ilikuwa ikibeba nini, mchanga au boriti au samaki, maana chombo kilichobeba mchanga miaka kumi si sawa na kilichobeba watu. Alafu mnangoja bamvua, zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana, maji yakipwa chombo kinalala pwani, mnazunguka na nyundo mkigonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza. Hayo ndiyo mazungumzo ya kununua chombo. Kwenye lile tangazo la malkia hakukuwa na hata moja. Masaa ya mashine hakuna, umri wa matanga hakuna, waya za mlingoti zimewekwa lini hakuna, ushuru umelipwa haujalipwa hakuna.

Bahati yetu yoti yenyewe ilikuwa imetia nanga hapa hapa, mkondo wa Shela na Manda, kwa hivyo tukaenda. Tukamchukua ami mmoja fundi, mzee wa kazi, na tukamuomba yule kijana mlinzi wa boti turuhusiwe kuisogeza kwenye mchanga siku ya bamvua, tukaiegemeza na maboriti.

Nianze na urefu. Tulipima kwa utepe, sitaha yake ni futi 33. Zile tatu zingine ni mlingoti wa maji uliotokeza mbele. Nimekuja kujua hii ni kawaida yao, wanapima ncha kwa ncha, na ukibanwa wanasema si uongo, na kweli si uongo, lakini mimi silazi wageni juu ya mlingoti wa maji. Na wale wageni 8 ni hivi: wanne wana vitanda, wawili wanalala kwenye viti vya mezani, na wawili wa mwisho mpaka meza ishushwe iwekewe godoro juu, sasa hao watu wakishalala hakuna wa kupita kwenda chooni wala wa kuchemsha chai. Mimi naandika watu 4 na huo ndio ukweli.

"Ametunzwa kama mboni ya jicho". Rangi ya chini ilikuwa mpya kabisa, nyekundu inang'aa, mimi nikafurahi, ami akanyamaza. Akapitisha kiganja polepole kama mtu anayetafuta joto la mtoto, alafu akaniita, "Mwanangu, weka mkono hapa." Malengelenge. Madogo kama kunde, upande mzima wa kulia chini ya maji. Akatoboa moja kwa ncha ya kisu, pakatoka maji yananuka siki. Kwa wasiojua, boti hii si ya mbao, ni ya faiba (fiberglass), na faiba ikikaa baharini miaka mingi maji hupenya ndani kidogo kidogo, yakachanganyika na zile dawa zilizomo, yakafura. Boti haizami kesho kwa hilo, lakini dawa yake ni kuipandisha nchi kavu, kuambua lile gamba la nje, kuiacha ikauke miezi, alafu kuipaka upya, na hiyo ni pesa nyingi na msimu mzima umepotea. Ami akasema, "Hiki chombo kimepakwa wanja, hakikuoshwa uso." Sijui kama kuna namna bora ya kulieleza lile tangazo zima.

Matanga nayo, lile jeupe la kwenye picha silo lililoko botini. Lililoko nyuzi za mshono zimekufa kwa jua, unavuta kwa vidole viwili linaachia. Waya za mlingoti hakuna anayejua umri wake, na mafundi wa yoti wengi husema ikifika miaka 10 hivi zibadilishwe hata kama kwa macho ni nzima, maana huliwa ndani kwenye viungo ambako huoni. Sasa rudi usome "yuko tayari kung'oa nanga leo". Mtu angeamini hilo neno akatoka nje ya mlango wa bahari wakati wa upepo mkali wa kusi na familia yake! Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Neno la kupamba nguo dukani likiwa la uongo umepoteza mia tano, lakini neno kuhusu chombo ni maisha ya watu.

Na ule "mkono mdogo wa mapenzi", fundi alipiga hesabu pale pale mchangani, malengelenge, matanga, waya, pampu mbili, ikakaribia nusu ya bei ya boti.

Kitu kingine ambacho hakikuandikwa popote, boti ina bendera ya nje. Ukiinunua ukakaa nayo Kenya, KRA, watu wa kodi, wanataka ushuru wao, na ukitaka kubeba abiria kwa malipo lazima Kenya Maritime Authority, wasimamizi wa vyombo vya majini, waikague wakupe leseni. Hiyo peke yake ingetakiwa kuwa mstari wa kwanza, kabla ya malkia.

Nikampigia dalali. Alikuwa na heshima, nisimsingizie, simu anapokea, makaratasi ya umiliki alituma yote siku hiyo hiyo, na dipoziti yetu tuliyokuwa tumeshatuma alirudisha kamili bila kutuzungusha, hapo nampa haki yake. Nikamuuliza bwana, hivi hukuyaona malengelenge? Akasema yeye huandika anavyoambiwa na mwenye boti, na nikisoma chini nitaona imeandikwa. Nikasoma chini. Kweli, kwa herufi ndogo sana, kwamba maelezo yametolewa kwa nia njema lakini hayana dhamana na mnunuzi apeleke mkaguzi wake. Yaani herufi kubwa zinasifu, herufi ndogo zinajitoa. Na mjue pia dalali wa yoti analipwa na muuzaji, kwenye soko la nje komisheni yao mara nyingi ni asilimia 10 ya bei, kwa hivyo kila neno tamu mule linafanya kazi upande wa muuzaji. Kutafuta riziki si haramu, ila mnunuzi ajue nani analipia kalamu.

Nikamwambia, ndugu yangu, ungeandika "yoti ya faiba, sitaha futi 33, watu 4, ina malengelenge upande wa kulia, matanga ya kubadilisha, ushuru bado", na bei ukaishusha, mimi ningenunua siku ile ile bila kukutoa jasho. Na nilimaanisha, maana mkuku wake, ule uti wa chini, ni mzuri, mashine ilishika mpigo wa kwanza, na umbo lake, wallahi, ukiitazama kutoka Manda jua likizama ni chombo cha kupendeza. Hilo la uzuri hakudanganya.

Huduma nampa nyota 3 kwa makaratasi na kurudisha pesa, tangazo nampa 1. Juzi nimeona amelibadilisha kidogo, sasa ni futi 33 na ushuru ameutaja, malengelenge bado hayamo. Boti iko pale pale mkabala na Shela. Anayeitaka angoje bamvua, aende na fundi, na apitishe kiganja upande wa kulia.