Kuwafuata wa katikati au kuwasha moto wa wanachama?

Chama kikishabwagwa uchaguzi hadi uchaguzi, hubaki na njia mbili. Leba, chama cha mrengo wa kushoto cha Uingereza, kimezijaribu zote.

Kiongozi wake Tony Blair aliwafuata wapiga kura wa katikati, wasioegemea sana kushoto wala kulia. Mwaka 1995 chama kilifuta kwenye katiba yake lengo la umiliki wa pamoja wa njia za uzalishaji mali, jambo lililowauma wakongwe, na 1997 kikashinda kwa kuzoa viti 418 bungeni.

Jeremy Corbyn, kiongozi wa baadaye, aliwasha moto wa wanachama. Mwaka 2017 kura zilipanda hadi asilimia 40, ila chama hakikuingia madarakani. 2019 viti vikashuka hadi 202. Mikutano ilifurika, ila wengi walikuwa wakishangiliana wao kwa wao.

Mimi ningechukua ya Blair, japo ina deni lake: 2001, Blair akiwa madarakani, waliojitokeza kupiga kura walikuwa asilimia 59 tu.