DELF kwa mtoto wa sekondari, mimi naipa tano

Wazazi wenzangu wa Kampala, binti yangu wa S3 (kidato cha tatu) kafanya DELF, mtihani wa cheti cha Kifaransa cha serikali ya Ufaransa, ngazi ya A2, na huu mtihani nimeupenda kweli, maana haupimi kukariri vitenzi tu, kuna kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea ana kwa ana na mtahini, kila sehemu alama 25, jumla 100. Kupita ni 50 lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu moja umefeli yote, kwa hiyo kuongea hakukwepeki, shuleni kwetu mtoto anapata alama za juu na hawezi hata kuomba maji kwa Kifaransa! Cheti hakiishi muda. Ada imetuuma na kituo kilichelewesha matokeo bila kutuambia chochote, hapo warekebishe. Ngazi inayofuata, B1, tunalipia tena.