Vihisi vya unyevu wa udongo vya kufukia, visivyo na waya: uzoefu wangu kwenye vitunguu

Nalima vitunguu maji Ruaha Mbuyuni, kwenye majaruba, na maji nayavuta kwa pampu ya petroli. Bei ya hiyo petroli ndiyo iliyonifanya ninunue vihisi hivi. Vya waya nimeviona kwa majirani, na huku waya haumalizi msimu: jembe la kibarua likiukosa, mdomo wa mbuzi utaupata. Hivi vyangu vinafukiwa vizima, betri na antena humo humo, juu hakibaki kitu. Vipimo vinarushwa kwa redio hadi kwenye kipokezi chenye laini ya simu nilichokifunga juu ya nguzo, halafu navisoma kwenye simu.

Kasoro kubwa muuzaji hakuitaja. Udongo ukilowa, mawasiliano yanakatika. Maji hunyonya mawimbi ya redio, na masafa yakiwa ya juu yananyonywa zaidi. Vyangu ni vya megahezi 433, kidogo afadhali. Vya gigahezi 2.4, yale masafa ya Wi-Fi, nisingethubutu kuvifukia. Nikishamwagilia, kihisi cha kina cha sentimita 15 kinaendelea kusikika, cha sentimita 40 kinapotea hadi udongo upungue maji. Uzuri wake, kinahifadhi vipimo na kikirudi kinavituma vyote kwa mkupuo.

Na hicho cha chini ndicho kilichorudisha hela yangu. Mizizi mingi ya kitunguu haivuki sentimita 30. Kumbe kila nikimwagilia, unyevu wa sentimita 40 ulikuwa unapanda, yaani maji yanaipita mizizi na kwenda zake, tena yanaondoka na nitrojeni ya yuria niliyonunua kwa shida. Sasa pampu naizima mapema, na raundi inayofuata naipanga kwa kuangalia kama cha chini kilipanda au kilitulia. Petroli imepungua vya kutosha hata mke wangu, aliyekiita kitu hiki mdoli, siku hizi ndiye anayeulizia simu inasemaje.

Msidanganywe na asilimia za maji zinazoonekana kwenye programu ya simu. Asilimia 25 kwenye kichanga ni maji ya kumwaga, lakini kwenye mfinyanzi mzito mmea unaweza kuwa umeanza kunyauka. Mimi nililowesha jaruba hadi likashiba, nikaliacha lijichuje siku mbili, kisha namba niliyoiona ndiyo nikaifanya kikomo changu cha juu. Kikomo cha chini nilikipata kwa kufinya udongo kiganjani, kama alivyofanya baba. Wakati wa kufukia, shindilia udongo ukikumbatie kihisi vizuri. Pengo dogo tu la hewa litakufanya uamini shamba ni jangwa. Udongo wa chumvichumvi nao hupotosha namba, hasa kwa vihisi vya bei ya chini.

Kuvitafuta msimu ukiisha ni kazi nyingine. Cha sentimita 15 lazima kitoke kabla pawatila haijaingia kulima, na ramani ya simu inakosea kwa mita kadhaa. Pima kwa kamba kutoka kwenye vigingi viwili vya ukingoni, uandike daftarini.

Kwa mwenye jaruba mbili tatu, ningemshauri aangalie kwanza Chameleon, aina nyingine ya kihisi cha unyevu, ile iliyotumika kwenye skimu za umwagiliaji za Kiwere na Magozi hapa hapa Iringa. Ina waya, ndiyo, lakini inaonyesha rangi tu: buluu maji yapo mengi, kijani wastani, nyekundu pakavu. Hakuna asilimia za kuumiza kichwa. Hivi vya kufukia vinamfaa mwenye eneo pana, shamba liko mbali na nyumbani, na mtandao wa simu unafika.

Navipa nyota tatu na nusu. Ile nusu nyingine ningeiongeza kama betri ingebadilishika. Vyangu vimezibwa kabisa, ikiisha unatupa kifaa kizima. Muulizeni muuzaji hilo kabla hamjatoa hela.