Malengelenge ya miguu: nunua nini kwanza kabla ya kupanda mlima

Mtu akijiandaa kupanda Kilimanjaro, au hata kwenda tu Materuni kwenye maporomoko na kurudi, hela ya kwanza inaishia kwenye buti. Buti zikishamchubua ndipo anaanza kuulizia plasta. Mimi napanga hivi: soksi kwanza, plasta ya karatasi ya pili, kiatu cha tatu, na mengine yote baadaye.

Sababu iko kwenye jinsi lengelenge linavyoanza. Kiatu na soksi vinashikilia ngozi, huku mfupa ndani ya mguu unaendelea na safari. Nyama ya katikati inavutwa kila hatua, mwisho tabaka za ngozi zinaachana na maji yanajaa humo. Ngozi yenye jasho hunata zaidi, ndiyo maana mguu uliolowa huumia kabla ya mguu mkavu. Basi kinachostahili hela yako ni kile kinachopunguza unyevu na huko kuvutwa.

1. Soksi

Soksi za pamba ziachie ofisini. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na siku ya kwanza ya njia ya Marangu unapita kwenye msitu wenye unyevu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720. Ukifika hapo ukaikamua soksi ya pamba, inatoa maji. Tafuta sufu, hasa lebo ikiandikwa merino, au mchanganyiko wa nailoni na poliesta.

Pale soko la Memorial hapa Moshi, kwenye mafungu ya mtumba, sufu nzuri inapatikana kwa bei ya kawaida kabisa kwa sababu wengi wanachagua kwa rangi. Wewe igeuze soksi ndani nje, upitishe kidole kwenye mshono wa mbele. Mshono ukiusikia kwa kidole cha mkono, kidole cha mguu kitausikia kutwa nzima. Halafu inyanyue uelekeze kisigino kwenye mwanga: ukiona upande wa pili, irudishe kwenye fungu. Shingo ikivutwa irudi. Isiporudi, soksi itashuka na kujikunja chini ya kisigino, na hapo ndipo balaa huanza.

Chukua angalau pea mbili za kutembelea na moja ya kulalia tu, isiyoguswa na vumbi. Kama kiatu kina nafasi, vaa ndani ya soksi ya sufu soksi nyembamba ya nailoni, hata zile za viatu vya ofisini zinafaa. Msuguano unahamia kati ya soksi na soksi, ngozi inapumzika. Wale ambao malengelenge huwatoka katikati ya vidole watafute soksi za vidole, ila kwenye mtumba uwe na subira.

2. Plasta ya karatasi

Ni ile nyeupe, laini, ambayo manesi hushikizia gozi. Famasi nyingi wanaijua kwa jina la Micropore. Haivutii macho na bei yake ni ndogo. Lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2016, uliofanywa kwa wakimbiaji wa mbio za kilomita 250, ulikuta sehemu zilizobandikwa plasta hii zilipata malengelenge pungufu kwa asilimia 40.

Bandika asubuhi, ngozi ikiwa kavu na haijapakwa mafuta. Tabaka moja, bila mkunjo, pembe uzikate kwa mkasi ziwe mviringo ili zisijikunje. Gundi yake ni dhaifu, na huo ndio uzuri wake: ukiibandua haiondoki na ngozi. Plasta ngumu ya zinki oksaidi inashika vizuri zaidi, lakini ikikaa juu ya lengelenge lililokwisha kutoka utalia siku ya kuibandua. Vile viplasta vya vidonda vya kawaida visahau. Vinateleza na kukusanyika mahali pamoja.

3. Kiatu

Nunua jioni, miguu ikiwa imetanuka, na uvae soksi zile zile za mlimani. Mbele pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Funga kamba, kisha piga ncha ya kiatu chini: vidole vikigonga, hicho si chako. Kipimo hicho wengi wanakipuuza mpaka siku ya kilele. Kwa njia ya Machame unatoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, unashuka siku hiyo hiyo hadi kambi ya Mweka iliyo kwenye mita 3,100 hivi, na njia nzima vidole vinasukumwa mbele.

Buti za mtumba zikague soli. Iliyolika upande mmoja imeshafuata mguu wa mtu mwingine. Ikunje pia kwa nguvu. Buti zilizokaa miaka stoo zinaonekana mpya huku soli imeanza kumeng'enyuka. Koti, fimbo na begi la kulalia kodi tu, mjini vipo. Buti usikodi kama una njia nyingine. Kwa kilomita 5 za Kili Marathon, raba uliyoizoea ni bora kuliko buti mpya.

Na usijilinganishe na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani. Utamwona mmoja kabeba kilo 20, kavaa raba iliyochakaa, anakupita huku anaimba. Ngozi ya wayo wake imefanya kazi hiyo miaka.

4. Mafuta ya mgando na poda

Mafuta yanasaidia mwanzoni, halafu baada ya saa moja au zaidi msuguano unarudi na unaweza kuzidi. Tena yanazuia plasta kushika. Yafaa kwa mbio fupi. Poda ikikutana na jasho inakuwa madonge.

5. Plasta za jeli

Kama Compeed. Ni nzuri sana kwa lengelenge lililokwisha kutoka, ila ni ghali. Ukiibandika iache mpaka ijiachie yenyewe.

Hata ukinunua vyote, beba sindano mpya ya famasi ikiwa bado kwenye karatasi yake, spiriti kidogo na gozi. Lengelenge dogo lisilouma usilitoboe. Kubwa linalokuzuia kutembea, osha kwa sabuni, toboa pembeni upande wa chini, kamua taratibu, na ile ngozi ya juu iache mahali pake, ndiyo bandeji bora. Kupitisha uzi na kuuacha ndani ni kufungulia wadudu mlango. Mwenye kisukari asitoboe kabisa. Ukiona usaha, wekundu unaopanda mguuni au homa, teremka uende hospitali. Mawenzi na KCMC ziko hapa hapa Moshi.

Plasta na mkasi viwe kwenye kibegi chako cha mgongoni. Mahali pakianza tu kuchoma, simama, vua kiatu, bandika. Ukiviweka kwenye begi la mgumu, yeye wakati huo yuko kambini anakusubiri.