Uzoefu wangu na santuri ya "Pakistan: Folk and Pop Instrumentals 1966–1976"

Santuri hii nimeisubiri wiki tano. Ni mbili ndani ya jalada moja, zimetolewa na kampuni ya santuri ya Sublime Frequencies ya Marekani mwaka 2011, na mpaka inanifikia Mombasa nilikuwa nimetoa zaidi ya shilingi elfu saba. Muuzaji aliifunga ovyo, kona ya jalada ikafika imekunjika. Nilikasirika sana. Lakini santuri zenyewe zilikuwa salama, na sindano ilipogusa tu, habari ya kona nikaisahau.

Mimi ni mpigaji gitaa, na nimekulia kwenye ule muziki wa ala tupu wa Kalifonia, wa vijana wa kuteleza mawimbini: gitaa lenye mwangwi mzito, dramu mbio, hakuna mwimbaji. Nilijua kwamba miaka ya 60 huko Karachi, Pakistani, kulikuwa na vilabu vya usiku na mahoteli yenye bendi za vijana, baadhi yao Wagoa, waliowasikiliza The Shadows wa Uingereza na The Ventures wa Marekani. Majina kama The Panthers, The Mods na The Bugs nilikuwa nimeyasikia. Nilitarajia waigaji hodari.

Sivyo kabisa. Hawa walichukua nyimbo za kienyeji na tuni za sinema zao, wakampa mpiga gitaa kazi ya mwimbaji. Sikiliza anavyovuta uzi: hatui juu ya noti moja kwa moja, anaijia kutoka chini, anaizungukazunguka, ndipo anaikalia, kama afanyavyo mwimbaji wa ghazal, yale mashairi ya mapenzi ya Kiurdu. Chini yake utasikia tabla na dramu zikijibizana, na ogani imejaza nafasi iliyobaki.

Na ule mwangwi! Katika kifaa cha Fender cha mwaka 1961, umeme wa gitaa hupitishwa kwenye springi ndani ya kasha. Springi zikitikisika, sauti inarudi ikiwa kama imelowa maji. Kalifonia waliutumia kufananisha na wimbi. Kwa masikio yangu, wa Karachi wanautumia kama mkia wa sauti, pale mwimbaji anapomaliza neno na pumzi bado inaendelea.

Nimesikiliza mara nyingi nikajiuliza mbona mambo haya mawili, gitaa la Kalifonia na tuni za Pakistani, yanakaa pamoja bila kugombana. Jawabu langu ni Dick Dale. Yule aliyeitwa mfalme wa muziki wa mawimbi alizaliwa Richard Monsour, baba yake mwenye asili ya Lebanon, na alilelewa karibu na ami yake mpiga udi. Ule mkono wake wa kuchapa uzi mmoja haraka haraka bila kupumzika ni mkono wa udi. Kwa hiyo sauti hiyo ya Kalifonia ilipofika Karachi haikuwa ngeni kiasi hicho. Mashariki ilikuwa imo ndani yake tangu mwanzo.

Kwetu Pwani jambo hili halihitaji maelezo marefu. Marehemu Juma Bhalo alituzoesha tuni za Kihindi ndani ya taarab, na tashkota ya Zuhura Swaleh, ala iliyotoka Japani, ina ndugu yake huko Pakistani: Wabaluchi wanaiita benju. Mama alipopita sebuleni akasimama mlangoni, akauliza, "Huyu anayeimba ni nani?" Hakuna anayeimba, mama, ni gitaa.

Anayetaka sauti safi ya studio za leo ajue kwamba hizi ni rekodi za zamani. Mikwaruzo ipo, na mimi hainisumbui. Pia si muziki wa kuweka nyuma wakati wa maongezi, utakukatiza. Na inauma kuisikiliza ukijua kilichofuata: mwaka 1977 pombe ilipigwa marufuku, vilabu vikafungwa, na bendi nyingi zikakosa pa kupigia.

Nimeipa nyota tano bila kusita. Wiki nzima hii nimekaa na kipande kimoja tu, nikijaribu kuikaribia noti kutoka chini kama yule bwana. Kidole cha pete kimeota sugu, na bado nafika mapema mno.